Kesi ya Skokie

Kesi ya Skokie ni jina la pamoja la mashauri kadhaa yaliyosikilizwa katika mahakama za Marekani kuanzia mwaka 1977 hadi 1978. Yalihusu kundi dogo la Wanazi mamboleo lililotaka kuandamana katika kitongoji cha Skokie, jimbo la Illinois, mahali palipokuwa na wakazi wengi Wayahudi, wakiwemo watu walionusurika katika Maangamizi makuu ya Wayahudi wa Ulaya.

Swali lililobishaniwa lilikuwa kama serikali inaweza kukataza hotuba au maandamano kwa sababu ya maoni yanayobebwa ndani yake, hata pale maoni hayo yanapochukiza karibu watu wote. Mahakama zilijibu kwamba haiwezi. Kwa sababu hiyo kesi hii hutajwa mara nyingi kama mfano wa kanuni inayodai serikali isibague kati ya mitazamo ya kisiasa inayopingana.

Msingi wa kisheria

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanakataza Bunge la nchi kutunga sheria inayopunguza uhuru wa kusema, uhuru wa magazeti na haki ya watu kukusanyika kwa amani. Katika karne ya 20 mahakama zilieleza kuwa katazo hilo linazibana pia serikali za majimbo, miji na vitongoji.

Hii haina maana kwamba kila mtu anaweza kusema popote na wakati wowote. Mamlaka zinaruhusiwa kupanga saa, mahali na namna ya maandamano, kwa mfano ili barabara isifungwe au watu wasisumbuliwe na vipaza sauti usiku. Sharti ni kwamba masharti hayo yawe sawa kwa wote. Mji ukiruhusu chama kimoja kupita barabara kuu, hauwezi kukinyima chama kingine barabara ileile kwa kuwa tu viongozi wake hawapendi ujumbe wake.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza jambo hilo waziwazi mwaka 1972 katika kesi iliyomhusu mfanyakazi wa posta aliyekuwa akisimama peke yake na bango karibu na shule moja ya Chicago, akiilaumu kwa ubaguzi dhidi ya watu weusi. Mji ulikuwa umetunga sheria ya kukataza mabango karibu na shule, isipokuwa yale yaliyohusu migogoro ya kazi. Mahakama iliifuta sheria hiyo kwa sababu ilichagua ujumbe upi uruhusiwe na upi ukatazwe.

Kesi nyingi zilizojenga kanuni hii zilitokana na harakati za haki za kiraia za Wamarekani weusi. Katika miaka ya 1960 miji ya kusini ilitumia sheria za vibali na za utulivu wa umma kuwazuia waandamanaji. Mwaka 1969, kwa mfano, Mahakama ya Juu ilifuta hukumu dhidi ya mchungaji Fred Shuttlesworth, aliyeongoza maandamano mjini Birmingham, Alabama, bila kibali. Sheria ya mji huo iliwaachia viongozi kutoa au kunyima kibali wapendavyo.

Chanzo cha mgogoro

Kundi lililohusika lilijiita Chama cha Kitaifa cha Kisoshalisti cha Amerika, na kiongozi wake alikuwa Frank Collin. Makao yake yalikuwa upande wa kusini wa Chicago, karibu na bustani ya Marquette Park. Eneo hilo lilikuwa na mvutano mkubwa wa rangi: Agosti 1966 Martin Luther King alipigwa jiwe kichwani hapo alipokuwa akiongoza maandamano ya kudai haki ya watu weusi kupata makazi popote mjini.

Mamlaka ya bustani za Chicago ilidai kwamba kundi litakalofanya mkutano liwe na bima ya dola 250,000. Collin hakuweza kupata bima hiyo. Aliviandikia barua vitongoji kadhaa vilivyo kaskazini mwa jiji akiomba nafasi ya kufanya maandamano. Skokie kilikuwa miongoni mwa vile vilivyojibu, nacho kilidai bima ya dola 350,000. Collin akatangaza kwamba angeandamana mbele ya ofisi za kitongoji kupinga sharti hilo.

Skokie kilikuwa na wakazi wapatao 70,000. Zaidi ya nusu yao walikuwa Wayahudi, na kati yao maelfu walikuwa wamepitia kambi za mateso za Wanazi au walikuwa jamaa za waliouawa humo. Mpango wenyewe ulikuwa mdogo: watu 30 hadi 50 wangetembea kwa mstari kando ya barabara kwa muda wa nusu saa hivi. Hata hivyo wangevaa sare zinazofanana na za Wanazi wa Ujerumani na kubeba alama ya swastika.

Mwanzoni viongozi wa kitongoji, chini ya meya Albert Smith, walifikiri ni bora kuwaacha waandamane na kuwapuuza, ili wasipate umaarufu waliokuwa wakiutafuta. Manusura walikataa. Kwao, kukaa kimya mbele ya swastika kulikuwa ni kurudia kosa la miaka ya 1930. Viongozi walibadili msimamo na kwenda mahakamani.

Mwenendo wa kesi

Mwishoni mwa Aprili 1977 mahakama ya kaunti ya Cook ilitoa zuio dhidi ya maandamano hayo. Mmoja wa manusura alikuwa kati ya waliotoa ushahidi. Tarehe 2 Mei 1977 kitongoji kilipitisha sheria ndogo tatu:

* ya kwanza ilidai bima ya jumla ya dola 350,000 kwa maandamano ya watu zaidi ya 50, pamoja na kibali ambacho kingeweza kunyimwa;
* ya pili ilikataza kusambaza maandishi au alama zinazochochea chuki dhidi ya watu kwa sababu ya rangi, asili au dini yao;
* ya tatu ilikataza wafuasi wa vyama vya siasa kuandamana wakiwa na sare za mtindo wa kijeshi.

Collin na kundi lake walitetewa na tawi la Illinois la Umoja wa Uhuru wa Kiraia wa Marekani (kifupi: ACLU). Wakili mkuu, David Goldberger, alikuwa Myahudi. Mkurugenzi wa kitaifa wa shirika hilo, Aryeh Neier, alizaliwa Berlin mwaka 1937 katika familia ya Kiyahudi iliyokimbia utawala wa Hitler. Wote wawili waliyachukia maoni ya mteja wao. Hoja yao ilikuwa kwamba mamlaka ya kuwanyamazisha Wanazi huko Skokie ndiyo yaleyale yaliyotumika kuwanyamazisha wanaharakati weusi kule Alabama na Mississippi.

Kesi ilikwenda katika njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa mahakama za jimbo. Mahakama za juu za Illinois zilipokataa kusimamisha zuio wakati rufaa ikisubiri, suala lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 14 Juni 1977 mahakama hiyo iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba jimbo linalozuia hotuba kabla haijatolewa ni lazima litoe nafasi ya rufaa ya haraka, la sivyo liondoe zuio. Julai mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Illinois iliruhusu maandamano lakini ikakataza swastika. Tarehe 27 Januari 1978 mahakama ya juu ya jimbo iliondoa hata katazo hilo. Ilisema alama hiyo ni namna ya kutoa maoni ya kisiasa, na kwamba watu waliotangaziwa maandamano mapema wanaweza kuyaepuka.

Njia ya pili ilikuwa mahakama za shirikisho, ambako Collin alizishtaki zile sheria ndogo tatu. Februari 1978 jaji Bernard Decker alizifuta zote. Mahakama ya rufaa iliunga mkono hukumu yake tarehe 22 Mei 1978, ikieleza wazi kwamba inayaona maoni ya kundi hilo kuwa ya kuchukiza. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa ya kitongoji. Jaji Harry Blackmun aliandika maoni ya kupinga uamuzi huo wa kutoisikiliza.

Maandamano yasiyofanyika

Pamoja na ushindi huo, Wanazi hao hawakuandamana Skokie. Juni 1978 jaji wa shirikisho George Leighton aliamuru waruhusiwe kukutana Marquette Park bila bima. Collin, aliyekuwa amepanga kwenda Skokie tarehe 25 Juni, alighairi. Badala yake kundi lilijitokeza katikati ya Chicago tarehe 24 Juni, na Marquette Park tarehe 9 Julai. Katika mkutano wa kwanza wafuasi wake walikuwa wachache tu, wakilindwa na polisi wengi mbele ya maelfu ya watu waliokuja kuwapinga.

Ukosoaji

Uamuzi huo uligawanya watu, hata wale waliokuwa upande mmoja katika mambo mengine. Maelfu ya wanachama wa ACLU walijitoa au waliacha kulipa ada zao.

Wakosoaji walisema kwamba lengo la maandamano halikuwa kushawishi mtu yeyote, bali kuwaumiza manusura mbele ya nyumba zao. Kwa mtazamo huo, sheria iliyatendea maneno ya kutesa kana kwamba ni hoja, na gharama ya uhuru ikabebwa na wale waliokwisha kuteseka kuliko wote. Wengine waliongeza kwamba Ujerumani ya miaka ya 1920 ilionyesha kuwa chama kinachotaka kuua demokrasia hakistahili kulindwa nayo.

Watetezi walijibu kwamba serikali ikipewa kipimo cha kuamua maoni gani yanaumiza kupita kiasi, kipimo hicho kitashikwa na yeyote atakayekuwa madarakani, na mara nyingi kitaanza na wanyonge. Walikumbusha pia kwamba masharti ya bima kubwa, ambayo huonekana hayana upande, humnyima nafasi kila mtu asiye na fedha.

Urithi

Kanuni iliyotumika Skokie ilirudiwa katika kesi za baadaye. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya kaunti ya Forsyth, jimbo la Georgia, iliyoruhusu ada ya kibali iongezwe kufuatana na ukubwa wa upinzani uliotarajiwa. Mahakama iliona kwamba kwa utaratibu huo wenye maoni yasiyopendwa wangelipa zaidi.

Huko Skokie kwenyewe manusura wengi, waliokuwa wamenyamaza kwa miaka mingi, walianza kusimulia habari zao hadharani. Mwaka 1981 walianzisha taasisi ya kumbukumbu. Mwaka 1990 Illinois lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kufanya somo la Maangamizi hayo kuwa la lazima shuleni, na tarehe 19 Aprili 2009 jumba kubwa la makumbusho lilifunguliwa kitongojini humo.

Ulinganisho na nchi nyingine

Nchi nyingi za kidemokrasia zimechagua njia tofauti. Nchini Ujerumani kuonyesha swastika hadharani ni kosa la jinai, isipokuwa kwa makusudi kama elimu, sanaa au utafiti.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, lakini inasema uhuru huo hauhusu propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Kifungu cha 34 kinavitaka vyombo vya habari vya serikali visiwe na upendeleo, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana na ya wapinzani. Kwa hiyo maandamano kama ya Skokie yangeweza kuzuiwa nchini Kenya kama matamshi ya chuki, ingawa wajibu wa serikali kutowapendelea watu wa mtazamo mmoja wa kisiasa umeandikwa huko pia.