Unapokodi Sehemu ya Seva

Ukiwa na duka la vifaa vya uchimbaji Katoro au Kahama na ukakodi seva kwa mwezi, aghalabu hupewi mashine nzima bali sehemu yake. Diski na kadi ya mtandao ni za wapangaji wote. Kila sehemu huvifikia vifaa hivyo kwa draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa. Draiva ya kawaida hudhani kifaa ni chake peke yake, nayo mashine hulazimika kuiigizia kila hatua, kazi huzorota. Draiva shirikishi hutambua kuwa ni ya mpangaji, hivyo hukabidhi maombi yake kwa mafungu. Linux inazo, kwa jina la virtio, tangu 2008. Windows huhitaji kuwekewa. Mfumo wako wa mauzo ukikwama, mwulize mwenye seva kuhusu draiva hizo kabla hujakubali kulipia sehemu kubwa zaidi. Huenda uliyo nayo inatosha.