Korodani zisizoshuka: usingoje siku ya tohara

Leo tuweke haya pembeni kidogo, kwani suala hili linagusa uzazi wa vijana wetu.

Mtoto wa kiume akiwa mimbani, korodani zake huumbika ndani ya tumbo, karibu na figo, na katika miezi ya mwisho huteremka hadi mfukoni mwake. Kwa watoto wapatao 3 katika kila 100 waliozaliwa kwa wakati, moja au zote hukwama njiani, mara nyingi kinenani. Kwa njiti ni wengi zaidi.

Subiri miezi 6, kwani nyingi hushuka zenyewe. Baada ya hapo usingoje tena, wala usimkande kwa mafuta au kumnywesha mizizi. Korodani inahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la tumbo. Ikibaki ndani, chembe za uzazi huanza kuharibika mapema, ndiyo maana upasuaji hufanywa kati ya miezi 6 na 18. Bahati mbaya wapo wanaogunduliwa siku ya tohara, wana miaka 7!

Mama, mkague unapomwogesha kwa maji ya vuguvugu. Korodani inayoshuka kwenye joto na kupanda kwenye baridi haihitaji kisu, ila ikaguliwe kila mwaka. Lakini mtoto mchanga akikosa zote mbili, au tundu la mkojo likiwa upande wa chini, mpelekeni hospitali mara moja. Akika fanyeni, tohara isubiri, kwa sababu daktari huweza kuihitaji ngozi ile kutengeneza njia ya mkojo.

Baadhi ya akina baba hukataa wakidhani mtoto atahasiwa. Hasha! Mtoto hupewa nusu kaputi, hukatwa kidogo kinenani, korodani hufunguliwa ilikonasa, ngiri ikiwepo hufungwa, kisha hushushwa na kushonewa mfukoni. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake.

Anzia kliniki ya watoto au zahanati ya karibu, uombe barua ya rufaa. Muleba kuna Rubya na Ndolage, Bukoba mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ile iliyojificha tumboni huenda ikalazimu safari ya Bugando, Mwanza.

Upasuaji wa mapema hupunguza hatari ya saratani ya korodani lakini hauimalizi. Kwa hiyo kijana akibaleghe, baba amfundishe kujipapasa kila mwezi anapooga, na akigusa uvimbe mgumu aje hospitali.