Soma Kwanza, Ndipo Utie Sahihi

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, miezi ya masika ni migumu. Fedha za korosho zimekwisha. Ufuta bado uko shambani. Ndipo wenye fedha wanapopita vijijini.

Tuseme mmoja amefika Mnero, kwa mzee mwenye mikorosho. Anamwambia: "Mzee, shida yako naijua. Laki tano hizi hapa. Nipe hati ya shamba niitunze, halafu tia sahihi hapa."

Mzee anajua kusoma. Lakini anaona haya. Akianza kusoma, mgeni si atadhani haaminiwi? Basi anatia sahihi.

Korosho zikauzwa. Mzee akapeleka laki tano pamoja na faida. Mwenye fedha akacheka: "Fedha za nini, mzee? Shamba si uliniuzia?" Karatasi iliposomwa, juu yake iliandikwa: MKATABA WA MAUZIANO.

KUKOPA SIYO KUUZA

Ukiweka shamba au nyumba rehani, mali bado ni yako. Ukilipa deni, unarudishiwa hati. Ukiuza, mali si yako tena. Matapeli hutumia karatasi ya kuuza na kuiita mkopo. Wengine huazima hati, eti wakaitoe kopi, kisha wanaikopea fedha kwa jina lako. Deni lisipolipwa, anayepoteza nyumba ni wewe.

TUFANYE NINI?

1. Soma karatasi yote. Tazama kichwa chake. Tazama kiasi cha fedha, faida, na siku ya kulipa. Neno usilolielewa, uliza.

2. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yenye nafasi tupu. Dai nakala yako.

3. Usimwazime mtu hati yako, hata kama ni ndugu.

4. Mwulize mkopeshaji leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo.

5. Mume na mke wakubaliane. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mmoja hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

6. Pateni hati ya hakimiliki ya kimila, na majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili. Hati hii imo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Habari zake huwekwa katika masjala ya ardhi. Anayetaka kumhamishia mwingine shamba hutakiwa kuijulisha kwanza Halmashauri ya Kijiji, nayo inaweza kukataa.

DENI LIKICHELEWA

Usikimbie, wala usikubali kutolewa nyumbani siku hiyo hiyo. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, inamtaka mwenye rehani akupe taarifa ya maandishi na siku 60 za kulipa kabla ya kuuza. Mnada nao lazima utangazwe siku 14 kabla. Siku hizo ni za kutafuta fedha, au kwenda kupatana naye. Barua yake usiifiche chini ya mkeka.

UKIWA UMEKWISHA KUTAPELIWA

Nenda upesi kwa Mtendaji wa Kijiji na kwa Afisa Ardhi wa Wilaya. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Usiporidhika, unaweza kwenda mbele. Sahihi ikiwa imeghushiwa, hilo ni kosa la jinai: kaeleze polisi. Asiye na uwezo aulize wasaidizi wa kisheria. Kwa sheria ya mwaka 2017, msaada wao ni bure.

Ndugu msomaji, hatukujifunza kusoma kwa ajili ya darasani tu. Mgeni akikuletea karatasi, mkaribishe, mpe kiti, kisha isome mbele yake. Kusoma siyo kumtukana mtu. Akikasirika kwa kuwa unasoma, basi umekwisha kujua alichokijia.