Kuhesabu Watumishi Pekee Hakutoshi: Umuhimu wa Kumbukumbu za Ujuzi

Mwananchi afikapo kituo cha afya akakuta mlango u wazi na muuguzi yupo, huamini kwamba huduma ipo. Hata hivyo, si kila muuguzi amefunzwa kutoa dawa ya usingizi, wala si kila mwalimu wa sekondari anaweza kufundisha fizikia. Kwa sababu hiyo, katika kupanga watumishi, swali la "wako wangapi?" halina budi kuambatana na swali la pili: "wanaweza kufanya nini?" Makala haya yanaeleza jinsi kumbukumbu za ujuzi zinavyosaidia kujibu swali hilo, na nafasi ya mwananchi katika jambo hili.

Ikama na tange

Halmashauri hupanga watumishi kwa kutumia nyaraka kuu mbili. Ya kwanza ni ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa kwa kila kada katika mwaka wa fedha. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, makisio ya ikama huandaliwa miezi kadhaa kabla, pamoja na bajeti, na kuwasilishwa Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora.

Ya pili ni tange, ambayo ni orodha ya watumishi waliopo, ikionyesha cheo, kiwango cha elimu, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuajiriwa. Mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari akiwa na umri wa miaka 55, na hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60. Kwa hiyo tange ikisomwa kwa makini huonyesha mapema ni nani ataondoka na mwaka gani.

Pengo lisiloonekana

Nyaraka hizi humtambua mtumishi kwa kada yake. Tuchukue mfano wa wauguzi wawili wenye cheo kimoja, mmoja akiwa amepata mafunzo ya dawa ya usingizi na mwingine hakupata. Katika orodha, wawili hao ni sawa. Iwapo yule wa kwanza atahama kwa kubadilishana na muuguzi wa wilaya nyingine asiye na mafunzo hayo, ikama haitapungua hata mtu mmoja. Chumba cha upasuaji, hata hivyo, kitasimama, na mama mjamzito anayehitaji upasuaji wa dharura atalazimika kusafirishwa hadi hospitali nyingine. Kwa mkazi wa Yaeda Chini au Basotu, hasa wakati wa masika barabara zinapojaa tope, safari hiyo yaweza kugharimu maisha.

Hali hiyo huonekana pia katika sekta nyingine. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, una mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Mwalimu wa historia aliyewahi kusomea useremala ana ujuzi unaoweza kuifaa shule yake, lakini ujuzi huo hautajulikana usipoandikwa popote. Vilevile, afisa ugani mwenye uzoefu wa ngano atafaa zaidi katika mashamba ya Hanang, na mwenye uzoefu wa vitunguu saumu atawafaa wakulima wa Mbulu.

Lugha nayo ni ujuzi. Kiswahili ndiyo lugha ya kazi, lakini bibi mzee huenda akaeleza maumivu yake kwa ufasaha zaidi kwa Kiiraqw, Kidatooga au Kihadza. Mtumishi anayeielewa lugha hiyo ni hazina kwa kituo chake.

Umuhimu wa kumbukumbu hizi huonekana zaidi wakati wa maafa. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilivamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika saa za kwanza za janga la namna hiyo, viongozi huhitaji kujua mara moja ni nani anayeweza kuendesha mtambo, ni nani aliyesomea unasihi, na ni nani anayeweza kusaidia upasuaji. Huo si wakati wa kuanza kufungua majalada.

Mambo ya kuandikwa

Kumbukumbu nzuri ya ujuzi hueleza mafunzo aliyopata mtumishi, vyeti vyake, leseni ya taaluma na tarehe inapokwisha, lugha anazozijua, na mara ya mwisho alipoutumia ujuzi husika. Huhuishwa angalau mara moja kwa mwaka, na pia mtumishi anaporejea kutoka masomoni au anapohama. Ndiyo msingi wa tathmini ya mahitaji ya mafunzo na wa mpango wa kurithishana madaraka, ili mwenye ujuzi adimu asiondoke kabla ya kuandaliwa wa kumrithi.

Kumbukumbu hizo sharti zihakikiwe. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Baadhi yao walikata rufaa na kuthibitika kuwa vyeti vyao ni halali. Hivyo uhakiki hulinda huduma, na usahihi wake humlinda mtumishi mwaminifu. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na zitunzwe kwa usalama.

Nafasi ya mwananchi

Kumbukumbu za ujuzi haziongezi watumishi, wala hazizuii kila uhamisho. Huwezesha uongozi kuliona pengo mapema na kuomba kibali cha ajira au kumpeleka mtumishi masomoni kabla huduma haijasimama.

Mwananchi husaidia kazi hiyo anapoeleza huduma inayokosekana badala ya kulalamikia idadi peke yake. Kusema "hatuna watumishi" hakumpi mpangaji pa kuanzia. Kusema "tangu Machi hapafanyiki upasuaji katika kituo chetu" au "kidato cha tatu hawana mwalimu wa hisabati" humwelekeza kwenye ujuzi unaohitajika. Hoja hizo zipelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, kwenye kamati ya usimamizi wa kituo cha afya, bodi ya shule, au kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Zikifika kabla makisio hayajakamilika, zitaweza kuzingatiwa katika ikama ya mwaka unaofuata.