Mfuko 'Unaooza' Nao Hudhuru Mwani Ukifika Baharini

Maji yanapokupwa wakati wa bamvu, wakulima wa mwani wa Kibuyuni na Mkwiro huingia mashambani mwao kufunga mbegu mpya na kukagua zilizokua. Mwani huning'inia kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi vilivyopigwa mchangani. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, hukaushwa na kuuzwa kwa wanunuzi wanaoupeleka viwandani, ambako hutolewa dutu ya kugandishia vyakula na dawa ya meno. Kwa kina mama wengi wa kusini mwa Kwale, kamba hizo ndizo karo ya watoto.

Kamba hizo hunasa pia vitu ambavyo hakuna aliyevipanda: vipande vya mifuko, nyuzi za nyavu, karatasi za peremende. Vingine vimeletwa na mito ya Ramisi na Umba wakati wa mvua, vingine vimeachwa ufuoni. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 28, 2017, bidhaa mbadala zimeingia sokoni, baadhi zikidaiwa kwamba huoza. Swali ni kama plastiki hiyo ina nafuu kwa mwani kuliko ile ya kawaida.

Jibu hutegemea inaozea wapi. Chukua plastiki iitwayo PLA, inayotengenezwa kutokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Katika mtambo maalum wa kuozesha taka, wenye joto la nyuzi 60 hivi na vijidudu vya kutosha, huoza vizuri. Bahari ya Shimoni haifikii joto hilo hata wakati wa kaskazi kali. Humo PLA hukaa muda mrefu, ikikatikakatika polepole kama plastiki nyingine.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lililochukua miaka 3. Walizika mifuko ya aina mbalimbali udongoni, wakazamisha mingine baharini na kuacha mingine hewani. Mfuko uliotengenezwa kuwa mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi 3. Lakini mfuko ulioandikwa kwamba unaoza, baada ya miaka 3 majini au udongoni, bado uliweza kubeba bidhaa za dukani bila kupasuka. Maandishi ya juu ya mfuko, basi, si kipimo.

Plastiki ikishakatika kuwa vipande vya chini ya milimita 5, wataalamu huiita plastiki ndogo. Vipande hivyo huendelea kumeguka hadi visionekane kwa macho, na hapo ndipo hukutana na mwani wa aina ya pili, ambao wengi hawaujui. Huo hauna majani wala shina. Ni chembe hai moja moja zinazoelea majini na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ndio lishe ya dagaa wachanga, chaza na viluwiluwi vya kamba, na kwa jumla mimea midogo ya baharini inakadiriwa kutoa karibu nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani.

Majaribio ya maabara yameonyesha njia kadhaa za madhara. Vipande vya plastiki huziba mwanga. Vilivyo vidogo zaidi hung'ang'ania ngozi ya chembe hai, vikaikwaruza na kuzuia virutubisho kuingia. Plastiki pia huachilia kemikali zilizotiwa kiwandani ili iwe laini, yenye rangi au isiyoharibiwa na jua. Mwani ukibanwa hivyo hupunguza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, na hukua kwa uvivu. Wakati mwingine chembe hizo hushikamana na plastiki zikawa bonge zito na kuzama gizani.

Katika haya yote, plastiki inayooza haijapata cheti cha usalama. Kuna majaribio ambayo imeonekana na madhara madogo kuliko ya kawaida, na mengine ambayo imekuwa sawa nayo au mbaya zaidi. Sababu moja ni kwamba inavyomeguka haraka ndivyo vipande vidogo vinavyoongezeka na kemikali kutoka kwa wingi. Nyingine ni kwamba hulisha bakteria, nao wakishamiri hugombania virutubisho na mwani.

Ni haki kusema pia kwamba kiasi cha plastiki kinachotumiwa maabara mara nyingi huwa kikubwa kuliko kinachopatikana baharini. Mkulima akiona mwani wake umekuwa mweupe na kukatika, asikimbilie kulaumu plastiki. Ugonjwa huo hujulikana kuchochewa na joto kali na maji ya mvua yanayopunguza chumvi.

Kwa mwani wa shambani, jambo lililo wazi zaidi ni kwamba plastiki ndogo hunata juu yake, na anayeula mwani huila nayo. Mwaka 2018 watafiti wa Denmark waliuweka mwani wa kuliwa kwenye maji yenye chembe za plastiki, kisha wakauosha. Kuosha kuliondoa zaidi ya asilimia 94 ya chembe hizo. Mwani ukisuuzwa kwa maji safi ya bahari kabla ya kutoka shambani, kisha ukaanikwa juu ya chanja badala ya mchangani, hupungukiwa plastiki na mchanga kwa pamoja.

Nyumbani, mfuko unaodaiwa kuoza usitupwe ufuoni wala mtoni kwa kudhani bahari itaumaliza. Mifuko isiyofumwa, ambayo wengi huiona kama kitambaa, nayo kwa kawaida ni plastiki ya polipropilini. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza, kama maganda na mabaki ya chakula, zitenganishwe na nyingine tangu zinapotoka. Mfuko wa PLA usichanganywe na maganda ya shimo la mboji la nyumbani, kwa sababu joto la shimo hilo halitoshi.

Kuna chanzo kimoja kilicho ndani ya shamba lenyewe. Kamba nyingi za kupandia mwani ni za plastiki, na zikizeeka hukwaruzana na vigingi na kumwaga nyuzi majini, mita chache tu kutoka kwa mwani. Kamba iliyoanza kuchakaa ibadilishwe kabla ya kusi kuanza, mawimbi yanapoisugua zaidi, na ile ya zamani ipelekwe nchi kavu badala ya kukatwa na kuachwa hapo hapo.