Kongamano Ambalo Ratiba Yake Huandikwa Asubuhi

Mwaka 1983 Mmarekani Harrison Owen alitumia mwaka mzima kuandaa kongamano la kimataifa la watu 250. Lilipokwisha, yeye na washiriki wake walikubaliana jambo moja: mazungumzo yenye manufaa kuliko yote yalifanyika wakati wa mapumziko ya kahawa. Hotuba zilizoandaliwa kwa miezi mingi zilikuwa zimepitwa na dakika chache zisizokuwa na mpangaji.

Owen alikumbuka kijiji cha Balamah, bara nchini Liberia, ambako aliwahi kufanya kazi ya upigaji picha za habari. Huko alishuhudia sherehe za jando zilizochukua siku nne na kwenda vizuri, ingawa hakuona kamati yoyote ya maandalizi. Mwaka 1985 akajaribu kuandaa mkutano wa namna hiyo mjini Monterey, California. Watu 85 walikaa kwenye duara bila ratiba wala orodha ya wasemaji, na kabla saa mbili hazijapita walikuwa wamepanga wenyewe vikao vyote vya kongamano lao.

Njia hiyo imetumiwa makanisani, kwenye kampuni na katika vyama vya kiraia. Wanaprogramu nao waliipokea kwa mikono miwili. Agosti 2005 kongamano la kwanza la BarCamp lilifanyika Palo Alto, California, baada ya maandalizi yasiyozidi wiki moja, kisha mtindo ukasambaa duniani. Nairobi ilikuwa na BarCamp yake hata kabla ya kituo cha iHub kufunguliwa mwaka 2010. Wapenzi wa lugha ya Java hukutana katika JCrete, iliyoanza mwaka 2011 kwenye kisiwa cha Krete nchini Ugiriki: asubuhi ni vikao, mchana wengi huenda ufukweni na mjadala ukaendelea hukohuko. Mjini Vancouver, Kanada, upo mkutano wa aina hii uitwao Polyglot, unaowakutanisha watu wa lugha mbalimbali za programu.

Siku ya kwanza huanzia ubaoni. Waandaaji huchora jedwali tupu, vyumba upande mmoja na saa upande wa pili. Kila mwenye jambo huandika mada yake kwenye karatasi, husimama mbele ya wenzake, huieleza kwa sentensi mbili tatu, kisha huibandika kwenye nafasi anayoitaka. Mada zinazofanana huunganishwa, zinazogongana huhamishwa, na baada ya muda mfupi siku nzima imejaa. Si lazima anayependekeza mada awe bingwa wake. Anayesema, "Sielewi kitu hiki, nani anisaidie?" ana haki sawa na aliyeandika kitabu juu yake.

Kanuni inayolinda utaratibu huu huitwa kanuni ya miguu miwili: ukiona hujifunzi wala huchangii, inuka uende kikao kingine, na hakuna atakayekuona mkosefu wa adabu. Kanuni hiyo huheshimu wakati wa msikilizaji, na humlazimisha msemaji kusikiliza pia.

Lakini kwa nini njia hii iwafae hasa watu wa lugha za programu? Kwa sababu katika fani hii hakuna lugha inayoshinda nyingine kwa kila jambo. Kila lugha ni uamuzi juu ya kipi kitolewe ili kingine kipatikane, na hasara ya uamuzi huo huijua zaidi yule anayeishi nao kila siku.

Chukua suala la kumbukumbu ya kompyuta. Programu inapofanya kazi huomba nafasi kwenye kumbukumbu, huitumia, kisha nafasi hiyo lazima irudishwe ili itumike tena. Ni kama vyumba vya gesti: mgeni akiondoka na ufunguo bila kuaga, chumba hakipangishwi tena, na mgeni aliyekwisha kuondoka akirudi kimyakimya na ufunguo wake wa zamani, atamkuta mtu mwingine kitandani.

Katika lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanaprogramu ndiye anayetunza funguo hizo mwenyewe. Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun mwaka 1995, huifanya kazi hiyo kwa niaba yake: programu ikiendelea kwenda, mfumo hutafuta nafasi zisizohitajika tena na kuzisafisha. Wazo hilo lilianzia kwenye lugha ya Lisp ya John McCarthy mwishoni mwa miaka ya 1950. Rust, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka Mei 2015, ilichagua njia ya tatu. Kila data ina mmiliki mmoja, na kompaila, yaani chombo kinachotafsiri programu kwa ajili ya kompyuta, hukagua umiliki huo kabla programu haijaanza kazi. Ikiona kosa, huikataa.

Kila njia ina gharama yake. C ina kasi, ila kosa dogo la kumbukumbu huwafungulia mlango wadukuzi. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kuwa takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaourekebisha katika programu zake kila mwaka hutokana na makosa ya aina hiyo. Usafishaji wa Java unaweza kuisimamisha programu kidogo wakati usiotakiwa. Rust nayo humdai anayejifunza uvumilivu mwingi mwanzoni. Waweke watu wa lugha hizi tatu kwenye meza moja na swali moja. Kila mmoja ataona tatizo ambalo lugha yake imemzoesha kutoliona.

Historia inaonyesha kwamba mawazo makubwa ya fani hii huvuka mipaka ya lugha, tena polepole. Uandishi wa funksheni zisizo na majina, ambao mwanahisabati Alonzo Church aliuwekea msingi katika miaka ya 1930, uliingia Lisp miongo miwili baadaye, lakini Java haikuupokea hadi mwaka 2014. Mbinu ya kuchambua data kwa kuilinganisha na umbo lake ilikuwa ya kawaida katika lugha ya ML, kazi ya Robin Milner na wenzake mjini Edinburgh katika miaka ya 1970. Python iliipata mwaka 2021. Safari ndefu kama hizi hufupishwa na watu wanaokutana na kuulizana.

Mikutano hii ina udhaifu wake pia. Wenye sauti kubwa wanaweza kuteka kikao, na wageni wakaogopa kusogelea ubao. Maarifa nayo hupotea kama hakuna aliyeandika. Mwezeshaji mzuri huwaita kwanza wanaohudhuria kwa mara ya kwanza, na kila kikao huteua mwandishi wake kabla hakijaanza.

Afrika Mashariki tuna maswali yanayostahili ubao huo. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, malipo ya simu yamekuwa maisha ya kila siku, na kila aliyeandika programu ya malipo anajua hofu hii: mtandao ukikatika katikati, fedha zimekatwa au hazijakatwa? Kila lugha hushughulikia kosa kama hilo kwa njia yake. Java hurusha kosa hadi mahali litakapodakwa. Lugha ya Go hulirudisha kosa kama jibu la kawaida ambalo mwanaprogramu anatarajiwa kulikagua. Erlang, iliyozaliwa katika kampuni ya Ericsson katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, huacha sehemu iliyoharibika ife na kuiwasha upya. Ipi inatufaa, na kwa kazi gani? Wenye uzoefu wa kulijibu swali hili wako Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Kigali, kila mmoja kwenye dawati lake.

Hawahitaji mfadhili ili wakutane. Chumba cha chuo siku ya Jumamosi, ubao, kalamu na karatasi vinatosha. Kama wewe ni mwanafunzi au mwalimu wa kompyuta, au unaishi kwa kuandika programu, waite wenzako wanaotumia lugha usiyoijua, chora jedwali tupu, na uwe wa kwanza kubandika swali lako.