Kaukau za mboga: Kitafunwa cha mgonjwa ambacho nacho kina masharti

MGONJWA wa shinikizo la damu anapotoka kliniki akiwa ameagizwa kupunguza chumvi na mafuta, kinachomtesa zaidi pengine si ugali wala wali, bali kile kitafunwa cha saa kumi jioni. Kaukau za viazi zinazouzwa katika vifuko kandokando ya barabara hukaangwa katika mafuta mengi na kunyunyiziwa chumvi ambayo mlaji hana njia ya kuipima. Njia mojawapo ya kumwondolea adha hiyo ni kumwokea kaukau nyumbani, kwa kutumia karoti, bitiruti, boga, viazi vitamu au sukumawiki.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka subira. Karoti na bitiruti ni maji kwa takriban asilimia 88, na kiazi kitamu kwa takriban asilimia 77. Kukaanga huyafukuza maji hayo kwa dakika chache na kuacha mafuta mengi mahali pake, ilhali kuoka huyafukuza polepole kwa hewa kavu. Kwa hiyo vipande sharti viwe vyembamba, unene wa milimita moja au mbili, na vilingane, la sivyo vingine vitaungua huku vingine vikiwa bado laini.

Baada ya kuoshwa, vipande vifutwe kwa kitambaa safi, vipakwe mafuta kijiko kimoja cha chakula kwa kila nusu kilo, vipangwe kwenye trei bila kulaliana, kisha viingizwe katika oveni yenye joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi. Karoti na bitiruti huchukua dakika 30 hadi 45, zikigeuzwa katikati. Sukumawiki iliyoondolewa vikonyo huwa tayari kwa dakika 15 hadi 20, na dakika mbili za uzembe hutosha kuifanya chungu. Mlango wa oveni ufunguliwe mara moja au mbili ili mvuke utoke. Kaukau zikitolewa huwa bado laini kidogo, hukakamaa zikipoa. Anayetumia jiko la mkaa, kwa makaa chini na juu ya mfuniko, aweza kuoka keki nzuri, lakini kwa vipande vyembamba namna hii moto huo ni vigumu kuutawala.

Kosa la kawaida ni kutia chumvi mapema. Kilo moja ya karoti ikikauka hubaki kama gramu 150 au chini ya hapo, na chumvi haiondoki na mvuke. Kiasi kilichoonekana kidogo kwenye trei iliyojaa huwa kikali katika kibakuli kimoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote alivyokula tangu asubuhi. Ni afadhali kutumia ndimu, pilipili manga, kitunguu saumu au bizari isiyochanganywa na chumvi. Vidonge vya kuungia mchuzi havifai, kwa kuwa vina chumvi nyingi, na magadi nayo yana sodiamu.

Hata hivyo, hapa ndipo wengi wanapojisahau. Kama chumvi isivyoondoka, ndivyo pia sukari na madini ya mboga yenyewe. Kibakuli cha kaukau za viazi vitamu ni viazi kadhaa vilivyopoteza maji tu, na mgonjwa wa kisukari anayekila akidhani ametafuna mboga hupandisha sukari yake bila kujua.

Jambo zito zaidi ni potasiamu. Madini hayo, yaliyomo kwa wingi katika viazi vitamu, bitiruti na boga, humsaidia mwenye shinikizo la damu ambaye figo zake ni nzima. Figo zikishindwa kuyatoa, hujikusanya katika damu na huweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuyasimamisha. Ikumbukwe kwamba shinikizo la damu ni miongoni mwa sababu kuu za figo kuharibika, na uharibifu huo mara nyingi hauna dalili mwanzoni. Mtu huyohuyo, basi, aweza kuwa na maradhi yote mawili huku masharti anayoyafuata ni ya moja tu. Kipimo cha damu na mkojo ndicho kinachoonesha.

Mwenye tatizo la figo hushauriwa kuchemsha mboga katika maji mengi na kuyamwaga, kwani sehemu ya potasiamu huondoka na maji hayo. Kuoka hakuondoi kitu. Vivyo hivyo, chumvi mbadala zenye potasiamu si zake. Mwongozo wa WHO wa Januari 2025 kuhusu chumvi hizo haukuwahusisha watu wenye matatizo ya figo.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye ajihadhari na sukumawiki, kwani fungu zima likiokwa huenea kiganjani na vitamini K yake hupunguza nguvu ya dawa hiyo iwapo italiwa kwa ghafla na kwa wingi. Bitiruti huweza kugeuza mkojo kuwa mwekundu, jambo lisilo na madhara ingawa limewashtua wengi. Muhogo mchungu usikatwe na kuokwa hivihivi, kwa sababu sumu yake haiishi kwa joto la oveni.

Kaukau zilizopoa kabisa hukaa siku mbili au tatu katika kopo lenye mfuniko unaobana. Zikilegea, hurudishwa ovenini kwa dakika tano.